Wimbo Huanzia Magotini



Kina mama kadhaa wa mtaa wetu wameniuliza jinsi ya kuwafundisha watoto wachanga, wale wa mwaka 1 hata miaka 3, nyimbo fupi za vina ambazo wazee wetu walitupakata nazo. Waniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Darasa la Kwanza kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na watu hudhani kwamba mwalimu hujua. Nimeona yafaa niwajibu kwa maandishi. Lakini sitaweza kujibu kwa haki nisipoeleza kwanza kosa langu mwenyewe. Maana mengi niliyoyajua darasani hayakunifaa, na yaliyonifaa nilifundishwa na mwanamke asiyejua kusoma na mtoto asiyejua kusema.

Mimi nakaa Muheza, katika Mkoa wa Tanga, mahali panapojulikana sana kwa machungwa yake. Mwaka 2018 binti yangu aliniletea watoto wake wawili niwalee, kwa kuwa yeye na mumewe walikuwa wakifanya kazi mjini Tanga, nao waliweza kuja siku za mwisho wa juma tu. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka 4, na mdogo mvulana aliyekaribia kutimiza miaka 2. Nilifurahi mno. Nyumba iliyokuwa kimya tangu kufa kwa mume wangu ikajaa vishindo tena.

Basi, nikaazimia kuwafundisha nyimbo za watoto. Kila jioni, baada ya kuoga, niliwapanga barazani kama nilivyozoea kupanga darasa. Mikono nyuma, miguu pamoja, macho mbele. Mimi nasema mstari, nao wausema. Yule msichana aliweza upesi sana. Katika majuma matatu alikuwa na nyimbo sita kichwani, akizitamka kama maji yatokayo bombani. Mdogo wake hakuweza hata moja. Alisimama kidogo, akatazama kinywa changu, kisha akaondoka kwenda kufukuza kuku. Nikimwita hageuki. Nikimshika na kumrudisha, alilia. Maneno yake yote wakati ule hayakuzidi matano, nayo hayakueleweka ila na dada yake.

Nikasema moyoni, "Huyu ni mkaidi, na ukaidi huondolewa mapema." Nikakumbuka methali isemayo, Samaki mkunje angali mbichi, nami nikaendelea kukunja.

Alasiri ya Jumapili moja wakwe wa binti yangu walikuja kuwatazama wajukuu. Niliandaa chai na maandazi, nikawaketisha wageni barazani, kisha nikawaita watoto waimbe. Msichana akaimba, wageni wakapiga makofi. Kisha nikamwita mdogo, aliyekuwa amechuchumaa mbele yangu, amenipa mgongo, akichezea kifuniko cha sufuria. Nikamwita mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hakugeuka. Wageni wakanitazama. Nikaona haya, na haya ikageuka hasira. Nikamvuta mkono kwa nguvu, nikamsimamisha, nikamkemea mbele ya watu wote. Akashtuka kama aliyemwagiwa maji baridi, akalia hata akapaliwa.

Babu yake, mtu mpole, akasema, "Labda mtoto ni mzito kidogo, atachangamka." Nami nikajibu, "Si mzito. Ni mkaidi."

Neno lile nililitamka mimi, mwalimu wa miaka 31. Nitalikumbuka maisha yangu yote.

Jirani yetu mmoja, bibi mzee asukaye mikeka, alikuwa ameketi kwake akisikia yote. Hakusema neno siku ile. Kesho yake jioni alikuja na chane zake za ukindu kwapani, akabisha hodi, akaketi kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, naomba unipe huyu mdogo nimpakate."

Akanyosha miguu yake, akamweka mtoto juu ya mapaja, uso kwa uso. Hakumwambia aimbe. Alikishika kidole gumba cha mguu wa mtoto, akakitikisa, akanong'ona neno. Akakishika cha pili, akanong'ona jingine. Hivyo hivyo hata cha mwisho. Kisha akanyamaza. Akamtazama mtoto machoni, akangoja. Halafu, ghafula, akamtekenya unyayo. Mtoto akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje nyumbani kwangu. Alipokwisha kucheka akatulia, akamtazama yule bibi, akauinua mguu wake wa pili akampa.

"Waona?" bibi akaniambia. "Ameomba tena. Mtoto aletaye mguu wa pili ameimba tayari."

Nikamwuliza, "Na maneno je, Bibi? Atayajua lini?"

Akajibu huku akikitikisa kidole cha mguu wa pili, "Maneno yatakuja nyuma. Kwanza na ajue kwamba kuna zamu: yangu, kisha yake. Wewe wampa wimbo mzima kama mzigo wa kuni. Mpe ukuti mmoja."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba chuoni nilisoma habari za Mjerumani mmoja, Friedrich Froebel, aliyefungua nyumba ya malezi ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya mama na mtoto, chenye picha zionyeshazo jinsi vidole na mikono inavyotumiwa katika kila wimbo. Katika mtihani niliulizwa habari zake, nikajibu vema na kupata alama nzuri. Froebel alifundisha kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto mdogo, nami nililiandika jambo hilo kwa herufi safi. Lakini hapa katika baraza yangu mwenyewe nilikuwa nimewasimamisha watoto wachanga mikono nyuma! Bibi asuka mikeka hakupata kusikia jina la Froebel hata siku moja, naye alilifanya lile ambalo mimi niliandika tu.

Asubuhi nikaanza upya. Nikatunga wimbo mdogo, wa mistari minne tu, kwa ajili ya mtoto yule apendaye kufukuza kuku. Nauandika hapa, si kwa kuwa ni mzuri, bali mpate kuona jinsi unavyochezwa:

Kuku wake bibi katoka bandani,
Kapita uani, kaja barazani,
Kadonoa punje iliyo kinuni,
Shii! Karudi mbio, kalala bandani.

Ngumi yangu iliyofumbwa ndiyo banda. Katika mstari wa kwanza vidole viwili vyatoka humo, navyo ni miguu ya kuku. Unyayo wa mtoto ndio ua, goti lake ndilo baraza, na kitovu chake ndicho kinu. Kuku atembea polepole, apanda goti, asimama, atazama huku na huku, kisha adonoa kitovuni. Hapo napumzika kidogo. Ndipo nasema "Shii!" na baada ya kitambo kidogo sana vidole vyatoka mbio kurudi chini, na ngumi yafumbwa tena.

Siku ya kwanza mtoto alitazama tu. Siku ya tatu alianza kukishika kitovu chake kabla kuku hajafika, akicheka. Siku ya sita alikuja mwenyewe, akaketi mapajani mwangu, akaifumbua ngumi yangu kwa vidole vyake ili kuku atoke. Wala sikumwambia aseme neno lolote. Nilifanya hivyo wakati wa kumkogesha, wakati wa kumvika, wakati wa kungoja uji upoe. Nyimbo za watoto wachanga hazihitaji saa ya somo. Huingia katika kazi za siku kama chumvi iingiavyo katika mchuzi.

Jambo jingine nililolitambua ni kwamba mwili hujifunza wimbo kabla ya ulimi. Hili si langu peke yangu. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, waliwasikilizisha watoto wa miezi 7 mdundo wa ngoma usio na mkazo wowote. Watoto wengine walirushwarushwa mikononi kwa kila pigo la pili, wengine kwa kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipenda kuusikiliza zaidi mdundo ulioafikiana na jinsi alivyorushwa. Na watoto waliokaa tu wakimtazama mtu mwingine akiruka hawakupata faida hiyo. Basi, mama amrushaye mtoto juu ya magoti yake hampotezei wakati. Amfundisha kusikia kwa mifupa yake.

Tena mwaka 2014 wataalamu wa chuo kile kile walionyesha kwamba watoto wa miezi 14, wakirushwa kwa muziki sawasawa na mtu aliye mbele yao, humsaidia mtu yule kuokota vitu alivyoangusha kuliko wale waliorushwa bila kupatana naye. Niliposoma habari hii nilicheka, maana niliiona kwa macho yangu barazani. Majuma mawili baada ya bibi jirani kumchezesha, kila chane ya ukindu iliyomponyoka ilikuwa na mwokotaji wake. Huyo ndiye niliyemwita mkaidi.

Sasa nafikia jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Katika mwezi wa pili wa kucheza wimbo wetu wa kuku nilianza kumpakata mtoto kwa namna mbili. Mara nyingine alinielekea uso kwa uso. Mara nyingine aliketi mapajani mwangu akinipa mgongo, nami nikacheza mbele yake kwa mkono mmoja. Uso kwa uso alikuwa mwepesi kama umeme: mara nisemapo "Shii!", kabla vidole havijasogea, alikwisha kupiga kelele za furaha. Lakini aliponipa mgongo hakucheka mpaka vidole vyangu vilipoanza kukimbia. "Shii!" yangu ilipita juu ya kichwa chake kama upepo. Dada yake nilipomchezesha vile vile, alishtukia sauti, akinitazama au asinitazame.

Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku ya pili nilihesabu. Siku ya tatu moyo wangu ulianza kwenda mbio. Ndipo nikafanya jaribio moja. Nilimweka uso kwa uso, nikamtembeza kuku hata kitovuni, kisha nikaitamka ile "Shii!" kwa midomo tu, pasipo sauti yoyote.

Akacheka vile vile.

Ndugu zangu, mikono yangu ilikufa ganzi. Nikakumbuka mafua yake yasiyokwisha, na jinsi alivyojikuna masikio usiku. Nikakumbuka alivyotazama kinywa changu alipopangwa barazani. Nami nilidhani ananichunguza kwa ujeuri. Nikaiona tena ile Jumapili, mtoto amechuchumaa na kifuniko cha sufuria, amenipa mgongo, nami nikimwita mara tatu. Hakuwa amekataa kuitikia. Hakuwa amesikia. Kwake yeye, mkono ulitoka hewani bila sababu, ukamvuta.

Nikampigia simu binti yangu, nikamweleza yote, na lile neno la "mkaidi" sikuliacha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama, mlete kesho." Tukampeleka hospitali mjini Tanga. Daktari akatazama ndani ya masikio yake kwa kitaa kidogo, akampima jinsi asikiavyo, akatueleza kwa utaratibu. Ndani ya kichwa, alisema, kuna kijia chembamba kitokacho nyuma ya pua kwenda katika sikio la kati. Kwa mtoto mdogo kijia hicho ni kifupi, tena kimelala, kwa hiyo mafua hukiziba kwa urahisi. Kikizibwa, maji mazito yaweza kukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto haumwi sana, wala hatoki usaha, lakini asikia kama mtu aliyezama majini. Kwa watoto wengi maji hayo hukauka yenyewe katika muda wa miezi 3. Yasipokauka, kuna matibabu, na hata upasuaji mdogo.

Akatuagiza tumrudishe baada ya miezi 3. Tena akatuonya tusimtie masikioni mafuta, wala njiti, wala dawa ya kuambiwa na majirani, na mtu asivute tumbaku karibu naye. Nikamwuliza, "Daktari, katika miezi hiyo mimi nifanye nini?" Akasema, "Bibi, msogelee. Ongea naye uso kwa uso, mahali penye mwanga, pasipo kelele. Mchezeshe." Nikatazama chini. Niliambiwa na daktari mwenye kitaa neno lile lile nililoambiwa na bibi mwenye ukindu.

Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu. Tulizima redio. Tuliwaomba watoto wa jirani wacheze mbali kidogo wakati wa zamu yetu. Dada yake akawa mwalimu kunipita mimi: alimshika mashavu kwa mikono miwili kwanza, ili macho yakutane, ndipo akaanza wimbo. Tulipiga silabi kwa makofi juu ya viganja vyake: ba-nda-ni, u-a-ni, ki-nu-ni. Nami nilijifunza kunyamaza mwishoni mwa mstari. Nasema, "Kuku wake bibi katoka banda..." halafu nafunga kinywa, nangoja. Kungoja huku ndiko kugumu kuliko yote kwa mwalimu. Twapenda kujaza kimya. Lakini kimya kile ndicho nafasi ya mtoto; ukikijaza wewe, umemnyang'anya zamu yake.

Jioni moja, katika mwezi wa tatu, nikafikia mwisho wa mstari, nikangoja. Mtoto akanitazama midomo. Akaifumbua yake. Akasema, "Ni!"

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikasema mstari wa pili, "Kapita uani, kaja baraza..." Akasema, "Ni!" na kucheka. Kinu... "Ni!" Banda... "Ni!" Hakuwa na neno zima hata moja, ila alikuwa na kina. Alikuwa ameushika wimbo kwa mkia wake. Bibi jirani aliyekuwa akisuka aliweka mkeka chini, akapiga kigelegele.

Tuliporudi hospitali sikio la kuume lilikuwa limekauka, na la kushoto likakauka baada ya miezi michache. Leo mtoto yule yuko shuleni, na maneno yake ni mengi kupita masikio yangu. Najua kwamba si watoto wote wapatao mwisho kama huo. Wako wasiosikia tangu kuzaliwa, nao wahitaji lugha ya alama mapema, na michezo ya mikono na uso ni yao kwa haki kuliko ya mtu mwingine yeyote. Tena wimbo si kipimo cha daktari. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba karibu sehemu 60 kati ya 100 za upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yawezayo kuzuiwa. Basi, mtoto asiyegeuka aitwapo, au asiyesema kama wenzake, na apelekwe kupimwa kabla hajaitwa jina lolote baya.

Wengine watauliza, je, vina hivi vina faida gani kwa mtoto mzima wa afya? Faida iko. Mwaka 1989 wataalamu wa Oxford, Peter Bryant na Lynette Bradley pamoja na wenzao, walitoa habari za watoto 64 waliowafuatia tangu umri wa miaka 3 na miezi 4 hata miaka 6 na miezi 3. Waliojua nyimbo nyingi za watoto walipokuwa wadogo ndio waliotambua vema sauti za maneno, nao wakaendelea vizuri katika kusoma. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtoto asikiapo bandani, uani, kinuni, hutambua kwamba maneno yaliyo mbalimbali yana kipande kimoja kilicho sawa. Huo ndio mlango wa kusoma. Na Kiswahili chetu kimebarikiwa katika jambo hili, kwa kuwa silabi zake ziko wazi, karibu zote humalizika kwa irabu, nazo zaweza kupigwa makofi moja moja. Nilifundisha ba, be, bi, bo, bu kwa miaka 31. Sikujua kwamba watoto waliokuja wakiwa wameanza kuzisikia walikuwa wamezipata magotini kwa bibi zao.

Siku hizi wengi humpa mtoto simu imwimbie. Simu huimba vizuri, wala haichoki. Lakini simu haingoji. Mtoto akisema "Ni!" haimsikii, na asipogeuka haitambui. Shirika lile la Afya, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha picha, na wa miaka 2 hata 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Mimi naongeza hili moja tu: kama mtoto angaliimbiwa na simu mwaka ule, hatungalijua mpaka leo.

Kwa hiyo, kina mama mlioniuliza, jibu langu ni fupi. Mpakateni mtoto, uso kwa uso. Chagueni nyimbo chache, mbili au tatu, fupi, nanyi mzirudie mpaka ninyi mchoke, yeye hatachoka. Kila mstari na uwe na kitendo chake cha mkono, au kidole, au goti. Imbeni polepole. Achieni neno la mwisho hewani, mngoje. Akileta mguu, akikishika kitovu, akisema nusu ya silabi, pokeeni kama aliyeimba wimbo wote, wala msimsahihishe. Msimfananishe na dada yake, kwa maana kila mtoto na koja lake. Wala msimsimamishe mbele ya wageni ili mpate sifa ninyi.

Mwaka jana wakwe wa binti yangu walikuja tena. Nilipokwisha kuwakaribisha chai nilisema mbele yao wote, mtoto akiwapo, kwamba siku ile ya zamani nilimdhulumu kwa neno langu, nami naomba radhi. Babu yake akatikisa kichwa, akasema hayo yamekwisha pita. Mtoto hakuwa akikumbuka chochote. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akaishika ngumi yangu, akaanza kuifumbua, kidole kimoja kimoja, ingawa sasa ni mkubwa mno kwa mchezo ule.

Wasalaam.